Majirani wa Eburu Wanaamka Mapema

Baba,

Saa tano na nusu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama nimekula. Jumamosi tulitoka kwenye geti la msitu saa kumi na mbili asubuhi kamili, tukazunguka njia yako ya juu yote, na tukarudi pale pale saa tano na nusu, nusu saa nzima kabla ya ile saa sita uliyokuwa ukiwaahidi watu. Tulienda sita, tukarudi sita. Nilitaka nitulie kwanza ndipo nikuandikie, lakini leo ni siku ya tatu na bado sijatulia. Basi naandika hivyo hivyo, chai inapoa hapa mezani kwako.

Ndiyo, nimerudi nyumbani. Ile kazi ya kufunga maua kule Naivasha niliiacha wiki mbili baada ya kukuzika. Usianze, najua ungesema nini.

Acha nipange mambo, la sivyo nitaruka huku na huku kama kawaida yangu na wewe uniambie nirudi mwanzo.

Ulipoondoka, njia yako ilikaa miezi minne bila mguu wa mtu. Nyasi zikaota, vichaka vya leleshwa vikafunga pale karibu na mto mkavu, na wageni waliokuja wakapelekwa kwa ile barabara ya gari hadi kileleni, wapige picha, washuke. Kisha mwenyekiti Kiptanui wa kikundi chetu cha msitu akaja hapa nyumbani. Alikaa kwa benchi yako, akanywa uji, akamuuliza Mama habari za maharagwe, akazunguka zunguka weee, mwisho akasema alichojia. Kikundi kilitaka kuifunga njia ya juu. Alisema, "Hiyo njia ilikuwa kwa kichwa ya mzee. Na mzee ameenda nayo."

Hakusema kwa ubaya. Alikuogopea wewe, na sasa anawaogopea watu. Lakini nilikasirika hata nikasimama. Nikamwambia njia naijua, nimeitembea na wewe tangu nikiwa darasa la sita, na wakinipa Jumamosi moja nitawaonyesha. Akakubali. Jumamosi moja.

Baba, nilikuwa nadanganya. Niliijua njia kama abiria anavyoijua barabara. Miaka yote hiyo nilikuwa nyuma yako nikipiga miayo, macho kwa visigino vyako ama kwa simu. Ningeulizwa kona ya pili iko wapi, ningesema iko pale baba anapokata kulia.

Lakini sikuwa na wasiwasi, na sababu unaijua. Nilikuwa na mishale yangu.

Hatukuwahi kuizungumza ile mishale, kwa hivyo acha niseme sasa. Ulipokuwa kitandani mwezi ule wa mwisho, miguu imevimba kwa sababu ya sukari, mimi nilichukua rangi nyekundu iliyobaki tulipopaka geti letu, nikapanda mlimani na brashi, nikachora mishale kwa mawe njia nzima. Kwa siku nyingi nilikuwa nimekuomba tuweke alama na wewe ulikuwa unakataa. Nikaona, sasa mzee hatainuka tena, ni nani atawaonyesha watu? Nilirudi na rangi kwa vidole. Uliangalia mkono wangu, ukauliza, "Umemaliza kupaka?" Nikasema ndiyo. Ukageukia ukuta. Siku sita baadaye ulienda, na mpaka leo nikiona rangi nyekundu mahali popote naangalia kando. Nilikuzika kabla hujatoka mlangoni, Baba. Hivyo ndivyo nilivyofanya. Nisamehe.

Sasa cheka kidogo, maana mishale yenyewe ilinilipa.

Jumamosi ya kwanza walikuja walimu watano kutoka Bahati, wanawake wa shule moja, wamejipanga na maji na ndizi na kofia za jua. Kiongozi wao, Mwalimu Muthoni, ni mama wa sauti kubwa anayetembea kama ana mtihani wa kusimamia mbele. Walichelewa njiani, wakafika saa tatu. Sikujali. Niliwaambia mlima hauna haraka. Wewe ulikuwa ukimrudisha mgeni akifika saa moja, hata awe amekuja na gari kubwa namna gani, na mimi nilikuwa naona aibu na kusema huyu mzee anafukuza riziki.

Tukaanza vizuri. Mshale wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu ukatuelekeza kushoto, nikashangaa kidogo, lakini mshale ni mshale, tena niliuchora mwenyewe. Tukashuka. Tukapita kwa miiba. Tukaruka kamtaro. Mwalimu mmoja akaacha soli ya kiatu kwa matope. Tukatokea kwa zizi la mbuzi la Cucu Njeri, bibi mwenyewe amesimama hapo na mtungi, anatuangalia kama watu wa sensa.

Unajua paipu zake, zile amezitega juu ya shimo la mvuke ili mvuke upoe na kudondoka maji kwa pipa. Sasa, paipu inahitaji jiwe la kuifinya isiteleze. Na jiwe zuri, bapa, la kukaa vizuri, liko wapi? Liko njiani, lina mshale mwekundu. Nilipomuuliza alishangaa sana. "Ciku, si hii jiwe ilikuwa imekaa tu hapo bure? Nikaona ni mzuri, inafinya paipu vizuri." Na si yeye peke yake. Kila mtu anayetega maji huku juu alikuwa amejichukulia jiwe lake. Mishale yangu ilikuwa imesambaa mlima mzima, mmoja unaelekeza choo cha mtu.

Nilijaribu kuwarudisha juu. Jua lilikuwa kali, kila kichaka kilifanana na kingine, na pale kwenye mianzi penye njia panda ya tatu nilisimama nikakosa hata la kudanganya. Tulirudi getini saa kumi jioni, kwa barabara ya gari, bila kuzunguka chochote. Walimu walikuwa wapole, jambo ambalo ni baya zaidi. Kiptanui alikuwa anangoja. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba watu wakipotelea huko juu, atakayeulizwa ni yeye, na kwamba mkutano wa mwisho wa mwezi ungeifunga njia.

Nilikuja nyumbani nikalala na viatu.

Sasa hapa ndipo utamu unaanza.

Siku ya pili, baada ya kanisa, nilikuwa nakutafuta kwa simu. Nilitaka tu kukuona. Kuna ile video niliyokuchukua mwaka juzi bila wewe kujua, nikikucheka kwa sababu ya kofia yako. Unakumbuka ile tabia yako? Kila kona unasimama, unageuka upande, unavua kofia, kichwa chako cha upara kinang'aa, unasema, "Sasa, jirani?" Kisha unavaa, unakata kulia, unaendelea. Wageni walikuwa wanapenda sana. Mimi nilikuwa nafikiri ni mchezo wa kuwafurahisha, na majina yale yote uliyoyapa matundu ya mvuke nilifikiri ni ya kuwafurahisha vilevile: Mama Mboga kwa sababu anaamka wa kwanza, Karani kwa sababu anatoa moshi kidogo kidogo kama mtu anayepiga mihuri, Mapacha kwa sababu wako wawili, na Bwana Harusi kule juu, anayechelewa kutokea na akitokea ni kwa kishindo. Nilikuuliza siku moja kwa nini unavua kofia. Ukasema, "Ni adabu." Nikaachia hapo.

Niliitazama ile video mara ya kwanza nikalia. Mara ya pili nikaona kitu nyuma yako. Ulipovua kofia, nyuma ya bega lako palikuwa na mvuke, mweupe, umesimama wima kwenye baridi. Kona ya pili, mvuke. Kona ya tatu, mivuke miwili. Kila mahali ulipovua kofia. Na kila mara, ukimaliza kusalimia, uligeuka hadi mvuke ukabaki upande wa mkono wako wa kushoto, ukaenda.

Nilimwita Mama aone. Alitazama akiwa anachambua mboga, akasema, bila hata kushangaa, "Si ndiyo maana alikuwa anatoka asubuhi? Jua likishapanda, hiyo moshi huwezi kuiona."

Baba, Mama alijua! Miaka yote. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema sikuuliza.

Basi Jumatatu nilikuwa getini kabla ya ndege. Nikapanda peke yangu, nikiwa nimevaa kofia yako. Hiyo nayo lazima nikiri: Mama alitaka uzikwe nayo, nikaificha kwa pipa la unga mpaka mazishi yaishe. Kulipopambazuka, nilisimama pale penye mshale wangu wa kwanza, nikainua macho, na mlima wote ulikuwa unapumua. Mama Mboga ameshafungua. Kule mbele, Karani. Juu zaidi, Mapacha, wamesimama bega kwa bega. Njia yako ilikuwa imechorwa mbele yangu, na mimi ndiye niliyekuwa nimepanda na brashi kuichora. Nilicheka peke yangu kwa sauti hadi mbega wakanikemea kutoka kwa miti. Nilizunguka yote. Nikarudi. Kesho yake nikazunguka tena, na siku iliyofuata, siku nane mfululizo. Kufikia saa tatu mivuke ilikuwa imeshafifia, isipokuwa ukiwa karibu kabisa, na nikaelewa ni kwa nini mgeni wa saa moja ulikuwa unamrudisha. Ukichelewa chini, jua linakukuta katikati.

Nikaenda kwa Kiptanui kuomba Jumamosi nyingine. Alikataa. Nikaenda tena. Nikakaa kwa benchi yake, nikanywa uji wake, nikauliza habari za maharagwe yake, yaani nilimfanyia kama alivyotufanyia sisi, mpaka akachoka. Akasema sawa, lakini safari hii yeye mwenyewe anakuja, na nikikosea hata kona moja, njia inafungwa na nisimrudie tena. Nikampigia Mwalimu Muthoni. Nilifikiri atanikatia simu. Alisema wanne kati yao watakuja, yule wa soli amekataa, na safari hii watalala kwa dada yake Gilgil ili wasichelewe.

Kwa hivyo Jumamosi: mimi, Kiptanui, walimu wanne. Saa kumi na mbili. Baridi ya kuuma meno. Nilivua kofia kwa Mama Mboga nikasema, "Sasa, jirani?" na walimu wakacheka, na nikawaachia wacheke. Karani, sawa. Mapacha, sawa. Kiptanui yuko nyuma kabisa, anatembea na fimbo yake, nasikia tu inagonga mawe.

Tulipoingia kwenye mianzi, ukungu ukashuka.

Si ukungu wa kawaida, Baba. Ni ule unaokuja kutoka upande wa Mau ghafla, unameza kila kitu. Mwalimu aliyekuwa hatua tano nyuma yangu nilimwona kama kivuli. Tulikuwa pale pale kwenye njia panda ya tatu, mahali nilipopotelea mara ya kwanza. Na sasa niambie, mvuke mweupe ndani ya ukungu mweupe utauonaje? Niliangalia mpaka macho yakauma. Hakukuwa na Bwana Harusi. Hakukuwa na chochote.

Kiptanui akaja hadi karibu yangu, akaongea kwa sauti ya chini wasisikie. "Ciku, turudi. Hakuna aibu. Hata mimi singeweza."

Nilikuwa nimeshindwa, Baba. Nakwambia ukweli. Nilikuwa nimefungua mdomo kusema turudi. Jasho lilikuwa linanishuka usoni na baridi yote ile, nikavua kofia yako nijifute.

Na nikahisi joto kichwani.

Nilinyoa tulipokuzika. Mchungaji alisema si lazima, siku hizi watu hawanyoi, lakini nilitaka, na nikawa naendelea kunyoa kila wiki mbili bila kujua kwa nini. Kwa hivyo kichwa changu kilikuwa wazi kama chako. Na upande mmoja, juu ya sikio langu la kulia, palikuwa na kitu kinapita, laini, chenye unyevu, kama pumzi ya ng'ombe. Upande mwingine palikuwa baridi tupu. Nikageuka polepole. Joto likahamia paji la uso. Nikageuka tena kidogo, likakaa juu ya sikio la kushoto.

Adabu! Mzee wewe. Adabu, ulisema.

Nilimwambia Kiptanui avue kofia. Aliniangalia kama nimechanganyikiwa, lakini akavua, na unajua upara wake ulivyo. Alisimama hivyo kwa muda, macho amefunga. Kisha akasema polepole, "Ni kweli. Iko huku." Na baada ya kitambo, "Kumbe hiyo kofia ilikuwa kazi. Na sisi tulikuwa tunacheka."

Tukatembea hivyo, mimi mbele bila kofia, joto kwa kushoto, walimu wameshikana mikono kama watoto wa chekechea, Mwalimu Muthoni amevua kitambaa chake naye anatangaza kwamba anaisikia, anaisikia, ingawa ana nywele nyingi na nina hakika hakusikia kitu. Hatua mia moja hivi. Kisha tukaanza kusikia ule mluzi wake, na mawe yakawa na joto chini ya viatu, na Bwana Harusi akatutokea hapo kushoto, mkubwa, anavuma. Nilisema, "Sasa, jirani?" na sauti ikanikatika, sikumaliza. Kiptanui ndiye aliyemalizia. Alisema, "Tumekuja na msichana wa mzee."

Tulipotoka upande wa pili ukungu ulikuwa unainuka. Ziwa Naivasha liko chini, Longonot kwa mbali, upande mwingine Elementaita na ule ukingo wake wenye rangi ya waridi ya flamingo. Walimu walikula ndizi na kupiga kelele. Mimi nilikaa kwenye jiwe lako la kuvulia kiatu, nikiwaangalia kwa furaha.

Kule getini Kiptanui alifungua kitabu cha kikundi na kuandika kwamba njia ya juu iko wazi na kiongozi wake ni mimi. Aliandika polepole, unajua anavyoandika. Ana sharti moja: nifundishe wengine wawili, isiwe tena kwa kichwa cha mtu mmoja. Nimekubali. Hilo, Baba, ulikosea. Ulipaswa kuniambia kwa maneno. Najua ungesema uliniambia kila asubuhi kwa miaka ishirini, na mimi ningesema kuvua kofia si kusema, na tungebishana mpaka Mama atufukuze jikoni. Ninakosa sana kubishana na wewe.

Mishale nimeifuta. Nilipita kwa kila boma na brashi ya waya nikaisugua, moja moja. Cucu Njeri tu ndiye aliyekataa. Anasema jiwe lake ni la kupendeza na mshale unaonyesha wageni pipa liko wapi. Nimemwachia huo mmoja, ukipita uutazame ucheke.

Jumapili nilikuja kaburini na kofia. Nilikuwa nimeamua kukurudishia, niitundike msalabani, nimalize ule wizi wangu. Nikasimama pale. Kisha nikaivua kichwani, nikakusalimu, nikaivaa tena. Nafikiri ulielewa. Nitaitunza, na siku nikiivua mara ya mwisho, awepo mtu nyuma yangu anayejua kwa nini.

Lala vizuri, Baba. Nakuahidi mambo mawili tu. Hakuna atakayeanza njia yako jua likiwa limeshatoka, hata aje na gari la namna gani. La pili: Mama ananiuliza kama Krismasi nitasuka, maana nywele zimeanza kuota na nimependeza. Nimemwambia asinunue rasta za kusukia. Ijumaa naenda kwa kinyozi.

Wako,
Ciku